Dawa Walikula Kuku, Usugu Ukaota kwa Wafugaji: Kisa cha Shamba la Sherborn

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Sherborn ulio magharibi ya Boston nchini Marekani, familia moja ilikubali jambo ambalo wengi wetu tungelikataa pale pale mlangoni. Watafiti wa chuo kikuu wangekuja na kuchukua sampuli ya choo cha kila mmoja wao, wakubwa kwa wadogo, wiki baada ya wiki. Majirani nao wakaombwa watoe sampuli zao. Kisha wakaletwa vifaranga 300. Nusu yao, 150, wangelishwa chakula kilichochanganywa na dozi ndogo ya oksitetrasaiklini, dawa ya kupambana na bakteria ya jamii ya tetrasaiklini, na 150 waliobaki wangekula chakula kile kile bila dawa. Watu wa nyumbani hawakupewa dawa yoyote. Kazi yao ilikuwa kufuga kama mfugaji mwingine yeyote: kulisha, kunywesha, kuokota mayai, kuzoa samadi.

Swali lilikuwa hili: dawa anayokula kuku inaweza kubadilisha bakteria walio tumboni mwa binadamu ambaye hakuimeza?

Aliyewahi kufuga kuku wa mayai Dar es Salaam, Morogoro au Kisumu anaijua oksitetrasaiklini hata kama jina hilo refu halijawahi kumtoka mdomoni. Ni ile OTC, unga wa njano unaokorogwa kwenye maji ya kunywa kifaranga anapozubaa na mbawa zikashuka. Ndiyo maana nimekichagua kisa hiki. Kimetokea mbali, na miaka 50 imepita, lakini dawa yenyewe ipo rafuni katika duka la mifugo la mtaani kwetu.

Aliyeongoza kazi ile alikuwa Stuart Levy wa Chuo Kikuu cha Tufts, daktari wa binadamu aliyekuja kuwa profesa wa mikrobiolojia na kuutumia uhai wake wote, hadi alipofariki mwaka 2019, akichunguza jinsi bakteria wanavyopeana jeni za usugu, yaani uwezo wa kuishi licha ya dawa. Kabla ya kuingia bandani mwake, tupitie kwanza Japani, kwa sababu wazo lililompeleka Sherborn lilizaliwa huko.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Japani ilisumbuliwa sana na kuhara damu kunakosababishwa na bakteria wa Shigella. Dawa za sulfa zilitumika mno, na baada ya miaka michache zikashindwa. Zikaja streptomaisini, kloramfenikoli na tetrasaiklini. Katikati ya miaka ya 1950 madaktari wakaanza kupata wagonjwa wenye Shigella anayezishinda dawa zote nne kwa mpigo. Elimu ya wakati ule ilisema kwamba bakteria hupata usugu kwa bahati: hitilafu ndogo hutokea katika jeni moja, naye akapona dhidi ya dawa moja. Kwa hesabu hiyo, bakteria mmoja kupata hitilafu nne, kila moja kwa dawa yake, ni jambo lisilowezekana kutokea mara nyingi hivyo. Tena likaonekana jambo la ajabu zaidi. Mgonjwa yule yule, ukichunguza E. coli, bakteria wa kawaida walio katika utumbo wake, unawakuta na usugu ule ule wa dawa nne. Mwaka 1959 watafiti wa Kijapani, Ochiai na Akiba kila mmoja na wenzake, waliwachanganya bakteria sugu na wasio sugu katika chombo kimoja. Wasio sugu wakatoka wakiwa sugu. Walikuwa wamepewa na wenzao.

Tsutomu Watanabe wa Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, ndiye aliyeifafanua habari hii kwa undani, na makala yake ya mwaka 1963 kwa Kiingereza ikaifikisha kwa wanasayansi wa Magharibi. Alieleza kwamba jeni za usugu hukaa katika kipande cha vinasaba kilicho kando ya kromosomu ya bakteria. Leo tunakiita plazimidi, na kwa kawaida kina umbo la pete. Bakteria mwenye plazimidi hunyoosha kitu kama uzi, akamshika jirani yake, akamvuta, kisha akampitishia nakala ya ile pete huku yeye akibaki na ya kwake. Mpokeaji anaweza kuwa wa spishi nyingine kabisa. Hapo E. coli asiye na madhara anaweza kumrithisha Shigella silaha zake, ingawa si baba yake wala si ndugu yake. Levy, angali mwanafunzi wa udaktari, alikwenda Tokyo kufanya kazi katika maabara ya Watanabe. Akarudi kwao na swali.

Swali lilikuwa na uzito kwa sababu ya tabia iliyokuwa imeenea mashambani. Miaka ya 1949 na 1950, Thomas Jukes na Robert Stokstad wa kampuni ya Lederle waligundua kwamba vifaranga waliolishwa mabaki ya kutengenezea dawa ya jamii ya tetrasaiklini walikua haraka kuliko wenzao. Muda si mrefu antibaiotiki ikawa kiungo cha kawaida cha chakula cha kuku na nguruwe. Dozi ilikuwa ndogo, haitibu ugonjwa wowote, na mnyama aliipata kila siku ya maisha yake. Watu wachache waliingiwa na wasiwasi. Uingereza, kamati iliyoongozwa na Swann ilipendekeza mwaka 1969 kwamba dawa zinazotibu binadamu zisitumike kukuzia mifugo. Marekani mabishano yaliendelea, na watengenezaji walikuwa na hoja iliyosikika vizuri: kuku akiwa na bakteria sugu, mfugaji anadhurika vipi? Nani ameonyesha kwamba usugu unatoka bandani na kuingia nyumbani?

Hakuna aliyekuwa ameonyesha kwa jaribio lililopangwa, lenye kipimo cha kabla na cha baada. Chama cha watengenezaji wa dawa za mifugo, Animal Health Institute, ndicho kilichogharamia utafiti wa Levy. Nalitaja hili kwa heshima. Fedha zilitoka upande uliokuwa na sababu zote za kutamani jibu la "hapana", na jibu lililopatikana likachapishwa vile lilivyokuwa.

Kwa kuku mambo yalikwenda kasi. Ndani ya wiki moja tangu chakula chenye dawa kiingie bandani, bakteria wa matumboni mwao walikuwa karibu wote sugu kwa tetrasaiklini. Hilo lingeweza kutabiriwa. Dawa inawazuia wasioweza kuvumilia wasiongezeke, nafasi inabaki, na wachache waliokuwa na jeni ya usugu wanaijaza nyumba nzima. Bakteria wa utumbo huongezeka maradufu kwa muda mfupi sana, kwa hiyo wiki moja kwao ni vizazi vingi.

Kisha ukaja mshangao wa kwanza. Kadiri muda ulivyokwenda, bakteria wa kuku wale hawakubaki na usugu wa tetrasaiklini peke yake. Walianza kuonekana wenye usugu wa streptomaisini, wa ampisilini, wa sulfa. Dawa hizo hakuna kuku aliyepewa. Hapa ndipo somo la Watanabe linapodai nafasi yake. Jeni za usugu husafiri pamoja katika plazimidi moja, kama abiria waliopanda daladala moja. Tetrasaiklini ilimlipia nauli abiria mmoja tu, lakini gari lilipoondoka liliwabeba wote. Mfugaji anayesema "mimi natumia OTC tu, dawa za hospitali sizigusi" anasema kweli kuhusu alichonunua. Alichokikuza bandani ni zaidi ya hapo.

Mshangao wa pili ulikuwa kwa kuku wa kundi la kulinganishia. Wale wasiokula dawa nao, taratibu, wakaanza kutoa bakteria sugu. Ndoo, viatu, vumbi, inzi, mikono ya mlishaji: banda halina ukuta mbele ya bakteria. Kwa kazi nyingine, Levy na wenzake waliweka ndani ya kuku bakteria waliobeba plazimidi inayotambulika kwa alama zake, wakaifuatilia. Waliikuta kwa kuku wengine, na waliikuta kwa binadamu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1976 katika jarida la Nature.

Sasa watu. Kwao mabadiliko yalikuja polepole, na polepole hiyo ndiyo inayonifanya niyaamini. Wiki za mwanzo hakukuwa na cha kusimulia. Lakini ilipofika miezi mitano hadi sita, asilimia 31.3 ya sampuli za kila wiki za wanafamilia zilikuwa na bakteria ambao zaidi ya asilimia 80 yao ni sugu kwa tetrasaiklini. Kwa majirani, sampuli za namna hiyo zilikuwa asilimia 6.8. Ukihesabu kwa vichwa, watu 7 kati ya 11 wa shambani walitoa sampuli mbili au zaidi za kiwango hicho, na kwa majirani ni 3 tu kati ya 24. Bakteria hao walipochunguzwa walikutwa na plazimidi zinazohamishika, zenye usugu wa dawa kadhaa kwa pamoja. Taarifa ilitoka mwaka huo huo wa 1976 katika New England Journal of Medicine.

Namba hizi zinastahili kusomwa kwa macho mawili. Jicho la kwanza ni la mtu anayetaka kuzikataa, na haki yake tumpe. Shamba ni moja. Familia ni moja, watu 11. Hakuna aliyeugua. Bakteria wale sugu walikuwa wakazi wa kawaida wa utumbo, na mtu anaweza kuishi nao miaka bila kujua. Kuna na hoja nyingine nzito zaidi, nayo watafiti wenyewe hawakuificha: wanafamilia waliguswa na kuku na pia na chakula chenye dawa. Vumbi la chakula linavutwa puani, linashika mikononi, linaingia mdomoni. Pengine hakuna bakteria aliyevuka kutoka kwa kuku. Pengine chembe za dawa ndizo zilizowachuja bakteria wa watu wenyewe palepale tumboni.

Jicho la pili linajibu hivi. Ile plazimidi yenye alama iliyokutwa kwa binadamu haikuweza kutoka kokote ila kwa kuku waliowekewa. Kwa hiyo njia ya bakteria ipo, hata kama njia ya vumbi ipo pia, na kwa maoni yangu zote mbili zilifanya kazi na zilisaidiana: bakteria sugu wanawasili, na chembe ya dawa inawatengenezea nafasi. Kwa mfugaji haileti nafuu kujua kwamba vumbi lilishiriki. Vumbi nalo limetoka kwenye gunia lile lile. Na kuhusu kutougua, swali halikuwa kama familia ile itaumwa. E. coli mpole mwenye plazimidi ni ghala. Siku atakapopita bakteria wa kuhara, au E. coli huyo huyo atakapopotea njia na kuingia kwenye kibofu cha mkojo cha mama mjamzito, ghala litafunguliwa, na dawa ya kwanza atakayoandikiwa itashindwa bila mtu kujua kwa nini.

Levy hakuishia hapo, na sehemu hii ya kazi yake naipenda kuliko zote. Alitaka kujua jeni ile inafanya nini hasa. Tetrasaiklini humzuia bakteria asikue kwa kuingia ndani yake na kukwama kwenye ribosomu, kiwanda cha protini, hadi kazi yote inasimama. Wengi walidhani bakteria sugu hufunga mlango, dawa isiingie. Mwaka 1980 Levy, pamoja na Laura McMurry na Richard Petrucci, walionyesha kwamba dawa inaingia, ila bakteria anaisukuma nje. Jeni ya usugu inatengeneza pampu katika utando wake, nayo inatoa dawa kama baharia anayefua maji chomboni haraka kuliko yanavyovuja. Tangu hapo pampu za namna hii zimekutwa kwa bakteria wengi na dhidi ya dawa nyingi.

Pampu hiyo ina jambo moja linaloelekeza moja kwa moja bandani. Katika aina nyingi za usugu wa tetrasaiklini, jeni ya pampu ina kizuizi chake, protini inayoifunga isifanye kazi. Dawa ikiingia inakishika kizuizi, kizuizi kinaachia, pampu inaundwa. Dawa ikiondoka pampu inazimwa. Bakteria hagharamii silaha asiyoihitaji. Anaitunza kabatini, na inamgharimu kidogo mno. Ndiyo maana usugu wa tetrasaiklini ukishajenga nyumba mahali hauondoki siku dawa inapokatazwa. Bakteria hana haraka ya kuutupa.

Hata hivyo Sherborn uliondoka, kwa kiasi. Chakula chenye dawa kilipotolewa chote shambani, watafiti walisubiri miezi sita, wakapima tena. Kati ya watu 10 waliopimwa, 8 hawakuonekana tena na bakteria sugu kwa tetrasaiklini. Matokeo haya hutajwa mara chache kuliko yale ya kwanza, nami naona ni kosa. Yanasema kwamba utumbo wa mtu mzima mwenye afya, ukiachwa bila msukumo wa dawa na bila kupokea wageni wapya kila siku, unaweza kurudi karibu na ulivyokuwa.

Serikali zilisikia kwa kasi yake. Mwaka 1977 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, chini ya Donald Kennedy, ilipendekeza kuondoa penisilini na tetrasaiklini za kukuzia mifugo. Kongresi ikataka utafiti zaidi kwanza, na pendekezo likalala. Sweden ilipiga marufuku dawa za kukuzia mifugo mwaka 1986, Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku yake Januari 2006. Marekani, ambako jaribio lilifanyika, ilifika Januari 2017 ndipo dawa muhimu kwa binadamu zikaacha kuruhusiwa kwa ajili ya kunenepesha. Kutoka makala ya Levy hadi siku hiyo ni miaka 40 na zaidi. Mwaka 2019, kwa makadirio yaliyochapishwa katika Lancet, watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara iliumia kuliko kanda nyingine zote.

Kwetu hali haifanani kabisa na ya Sherborn, na tofauti zenyewe ndizo zinazofundisha. Mfugaji mdogo wa hapa mara nyingi hanunui dawa ili kuku wakue haraka. Ananunua kwa hofu. Ana kuku 200, mkopo wa kikoba, na asubuhi amekuta watatu wamekufa. Daktari wa mifugo yuko mbali na ada yake ni ya mayai ya siku kadhaa. Muuzaji dukani anauliza "wanaharisha?" na kumkatia pakiti. Kama ugonjwa ni kideri, ambacho huletwa na kirusi, OTC haitagusa chochote isipokuwa bakteria waliokuwa wamekaa kwa amani. Kuku watakufa kwa kideri, na waliosalia watabaki na utumbo uliojaa bakteria sugu. Chanjo ya kideri, ukigawa gharama yake kwa kila kuku, ni ya bei ndogo. Simlaumu mfugaji huyo. Wengine tumesomeshwa kwa mayai ya banda la namna hiyo. Serikali ya Tanzania ilipoandika mpango wake wa kwanza wa kupambana na UVIDA (usugu wa vimelea dhidi ya dawa), wa mwaka 2017 hadi 2022, iliweka afya ya binadamu na ya mifugo katika waraka mmoja, na ilifanya vyema. Lakini mpango unaanzia wizarani na pakiti inauzwa kwenye kona ya mtaa, na kati ya pande hizo mbili kuna umbali ambao afisa ugani mmoja wa kata hawezi kuutembea peke yake.

Tofauti ya pili inaniumiza zaidi. Familia ya Sherborn ilikuwa na shamba, na majirani walikuwa ng'ambo ya shamba. Usugu ulipoingia nyumbani mwao ulikomea kwao, na dawa ilipoondolewa hapakuwa na mtu wa jirani wa kuurudisha. Sasa chukua mtaa wetu. Banda limeegemea ukuta wa jikoni. Samadi inauzwa kwa gunia na kumwagwa kwenye matuta ya mchicha bondeni. Kisima ni kimoja. Mtoto anakimbiza kuku kisha anakula embe. Mwezi huu nimeacha dawa mimi, mwezi huu ameanza jirani, na mwezi ujao nyumba ya tatu imenunua vidonge vya ampisilini bila cheti kwa ajili ya kikohozi cha baba. Profesa akija leo kurudia jaribio lile hapa, vifaranga 300 atapata, OTC atapata, na familia ya kujitolea, naamini, atapata. Atakachotafuta nyumba kwa nyumba, asikione, ni wale majirani 24 wa kulinganisha nao.